Machungwa Huuzwa kwa Msimu, King'amuzi Hudai Kila Mwezi

Nilimkuta shangazi ameifunika TV yake kwa kitambaa cha kufuma, na juu ya king'amuzi ameweka chombo cha maua ya plastiki. Nikamwamkia, nikakaa, nikanywa chai ya iliki, ndipo nikauliza: "Shangazi, TV imeharibika?"

"Haijaharibika, mwanangu," akasema. "Inadai."

Shangazi anaishi upande wa Muheza, kwenye miteremko inayopanda kuelekea Magoroto, ambako asubuhi isiyo na ukungu ukisimama uwanjani unaiona bahari ya Tanga kwa mbali iking'aa kama bati jipya. Maisha yake ni machungwa. Ana minazi michache, migomba na mihogo ya kula, lakini fedha hasa hutoka kwenye machungwa, nayo huja katikati ya mwaka, malori yanapopanda kutafuta mzigo, mengine ya kuvuka nao hadi Kenya. Kwa wiki kadhaa nyumba huwa na fedha. Deni la dukani hulipwa, bati hununuliwa, wajukuu hushonewa sare. Baada ya hapo ni kubana mpaka msimu mwingine.

Sasa chukua kifurushi cha shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Shangazi akiwa ameuza vizuri, mwezi wa Julai anaweza kuzishika 180,000 mkononi. Asichoweza ni kutoa 15,000 mwezi wa Machi. Na hizo za Julai hakuna mtu wa kijijini atakayezifungia ndani ya TV wakati paa la jikoni linavuja. Ndiyo maana nyumba nyingi za huko kwetu utaona ungo juu ya paa na ndani utaona king'amuzi kimefunikwa kitambaa. Watu hawakushindwa kununua kifaa, kwa maana kifaa hununuliwa mara moja, wakati wa mavuno. Walishindwa na mwezi.

Mjini wenzetu wengine wana kebo: waya unapita nguzo kwa nguzo, unaingizwa nyumba hii na ile, mwenye kebo anapita mwisho wa mwezi kukusanya. Kijijini kati ya nyumba ya shangazi na ya jirani yake kuna shamba zima. Hakuna atakayelaza waya wa mamia ya mita kwa ajili ya nyumba moja, hata huo mwezi ungelipwa. Kwa hiyo suala la kijijini ni kupata picha kwa kitu unachokinunua mara moja kikawa chako. Hilo ndilo nililolishughulikia kwa shangazi, kisha kwa binamu yangu wa bondeni, na nimejifunza mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Watu wa pwani si wageni wa kunasa picha ya bure. Bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza, lakini Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nikiwa mdogo, Tanga mjini, marehemu baba alifunga antena kwenye mwanzi mrefu kupita mnazi mchanga, akaielekeza baharini. Jioni alipanda juu ya banda akaushika ule mwanzi, sisi tukawa ndani. "Imekaa?" "Bado!" "Na hapo?" "Ina chenga!" "Na hapo?" "Hapo hapo, baba, usiondoe mkono!" Picha ya Zanzibar ilikuja na chenga zake, sauti ikapotea na kurudi, na sebule ilijaa watoto wa mtaa mzima. Hatukulipa mtu.

Kisha ukaja mfumo wa dijitali. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga tukafuata mwanzoni mwa 2013. TV zetu za chogo zikawa vipofu ndani ya siku moja, kila mtu akakimbilia king'amuzi. Na hapo ndipo watu walipochanganya mambo mawili ambayo wauzaji hawakuwa na haraka ya kuyatenganisha: king'amuzi na kifurushi. Wakaamini kwamba bila kifurushi king'amuzi ni tofali.

Si kweli, angalau kwa ving'amuzi vya antena. Tangu mwanzo utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ulikuwa kwamba chaneli tano za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Star TV, EATV na Channel Ten, zibebwe na mitambo hiyo na mtazamaji aendelee kuzipata hata kifurushi chake kikiisha. Shangazi alikuwa na king'amuzi cha antena. Duka alilonunulia halikumwambia neno hilo hata moja. Walimuuzia pamoja na kiantena kidogo cha ndani, kile chenye kitako cha sumaku, wakamwekea kifurushi cha mwezi wa kwanza, wakampa namba ya kulipia. Kifurushi kilipokwisha yakatokea maandishi kwenye kioo, akaelewa kwamba amefungiwa. Mwaka mzima akalala na kitambaa juu ya TV huku taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikipita hewani juu ya paa lake, bure. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Nilipoondoa kitambaa na kuwasha, zile chaneli za bure zilikuwepo kwenye orodha, ila picha ilikuwa ikikatika vipande vipande, kisha giza. Hapa kuna jambo ambalo sisi tuliolelewa na chenga hutusumbua. Analojia ilikuwa na huruma: mawimbi yakiwa hafifu ulipata picha hafifu, ukaona mtu kwenye ukungu na ukamtambua. Dijitali haina katikati. Ama picha safi kabisa, ama miraba inayogandagandana, na ukipungukiwa zaidi hakuna kitu. Kwa hiyo mtu akiona giza hudhani hapa kwetu mawimbi hayafiki, kumbe yamefika ila hayatoshi. Usihukumu kwa jicho. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Mstari wa ubora ndio wa kuutazama, na ndio unaokwambia antena igeuzwe upande gani.

Kwa shangazi mstari wa ubora ulikuwa ukicheza chini kabisa. Kiantena kilikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa tofali, chini ya bati. Bati ni adui wa kwanza wa mawimbi. Ningeweza kushuka Muheza mjini kununua antena ya nje, ile ya mifupa kama samaki, nayo si ghali. Lakini nilikuwa na waya wa shaba uliobaki baada ya fundi kuweka umeme, na wajukuu wa shangazi walikuwa likizo wakinizunguka, nikaona tutengeneze.

Naieleza kwa kirefu kidogo, maana ndicho kitu rahisi kuliko vyote nilivyofanya kwa mikono yangu kikatoa faida. Mawimbi ya televisheni ya antena sasa husafiri kwenye bendi ya UHF, kuanzia megahezi 470 hadi karibu 700. Ukichukua katikati, 600, wimbi moja lina urefu wa sentimita 50. Robo yake ni sentimita 12 na nusu. Kata waya mnene wa shaba wenye urefu wa mita moja, upinde kila baada ya sentimita 12 na nusu, upate miraba miwili iliyosimama kwa pembe na kukutana katikati, mfano wa namba 8 yenye kona. Pale katikati unganisha miisho miwili ya waya iwe ncha moja; mkabala wake ipo kona ya waya, ndiyo ncha ya pili, na ncha hizi mbili hazitakiwi kugusana. Kwenye moja unaunganisha kiini cha waya wa antena, kwenye nyingine ule wavu wake wa nje. Nyuma yake, umbali wa kama sentimita sita, weka kipande cha wavu wa banda la kuku au cha bati, ili mawimbi yanayopita yarudishwe mbele. Waya wa kutoka antena hadi king'amuzi uwe ule ule mweusi au mweupe wa TV, si waya wa taa, na usiwe mrefu kuliko inavyohitajika.

Mjukuu mmoja, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyepima kwa rula ya shule. Tukaifunga kwenye mwanzi, tukausimamisha pembeni mwa nyumba upande wa bahari, ambako ndiko Tanga iliko, umbali usiofika kilomita 50, na kati yetu na mji hakuna mlima. Tukaigeuza ile 8 ikiwa imelala, ubora ukapanda kidogo. Tukaisimamisha, ukaruka juu ukatulia. Sebuleni zikapigwa kelele ambazo sijazisikia tangu enzi za baba. Gharama zote, pamoja na mita kumi za waya wa antena na viunganishi vyake, hazikufika shilingi elfu thelathini, na nyingi ya hizo ni nauli ya bodaboda kushuka na kupanda.

Shangazi alikaa akatazama habari mpaka mwisho, kimya. Kisha akasema, "Kumbe siku zote ilikuwepo."

Basi habari ikashuka bondeni. Binamu yangu anakaa upande wa pili wa kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu, mahali penye mto na iliki. Akanipigia simu niende na kwake na "ule waya". Nikaenda nao, tukauzungusha mchana kutwa, tukaupandisha juu ya mfenesi, hatukupata hata mstari mmoja. Kilima kimesimama kati yake na mji. Mawimbi ya UHF huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na kilima hayakipandi. Kwa hiyo kabla hujatumia hata shilingi moja kwenye antena, panda mahali pa juu karibu na nyumba yako ujiulize upande wa mnara kuna nini. Ukiwa unaliona eneo la mji au angalau anga tupu upande ule, una matumaini. Ukiwa unaona ukuta wa mlima, ni ungo.

Ungo una uzuri wake, hasa kwa watu wa mabondeni. Setilaiti hizi zimesimama juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na sisi watu wa Tanga tuko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, kwa hiyo zetu ziko juu sana angani. Ile ya nyuzi 7 mashariki, ambayo Azam wanaitumia, kwetu unaitazama karibu magharibi kamili, jua linakozama, lakini juu, zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Kilima kinachomzibia binamu mnara wa Tanga hakiwezi kuzuia kitu kilicho juu namna hiyo. Na usidanganywe na sura ya ungo mdogo. Kwa umbo lake unaonekana kama unatazama mlima uliopo mbele, kumbe unatazama juu zaidi. Niliwahi kumwona mtu ameuinua wake utazame mawinguni kwa kukadiria kwa macho, akalalamika miezi miwili kwamba kaibiwa.

Kwenye ungo kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Kuna ving'amuzi vya kampuni, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kulipia. Na kuna risiva za kawaida, zisizo na kampuni wala kadi, ambazo hukamata chaneli zilizoachwa wazi na wenyewe. Za namna hiyo zipo nyingi: za dini zote, za habari za kimataifa, za nchi mbalimbali. Fundi wa ungo anaziita za bure, naye huzisaka kwa kuelekeza ungo na kuiambia risiva itafute. Tatizo ni kwamba chaneli inayokuwa wazi leo huweza kufungwa kesho au kuhamia masafa mengine, na za Kiswahili si nyingi kama mtu angependa. Binamu alitaka habari za nyumbani. Risiva ilimpa mahubiri na mawaidha, mpira wa nchi asizozijua, na katuni za Kiarabu ambazo watoto walizipenda bila kuelewa neno.

Na hata ving'amuzi vya ungo vya kampuni vilikuwa na mkasa wao. Agosti 2018 TCRA ilizitaka kampuni za ungo ziondoe zile chaneli za bure za hapa nchini, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia. Kwa mtu wa mjini hilo lilikuwa usumbufu wa kununua king'amuzi cha pili, cha antena. Kwa mtu wa bondeni, ambako antena haifiki, ilikuwa amepoteza televisheni ya nchi yake. Sikuona wakati ule wala sioni sasa kwa nini habari za taifa zimfikie mtu kulingana na kilima alichozaliwa nyuma yake. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo usikubali maneno matupu dukani. Mwambie muuzaji awashe king'amuzi ambacho kifurushi chake kimekwisha, akuonyeshe kwa macho kinachobaki. Akikataa, toka. Na kama TV yenyewe ina king'amuzi ndani, kama nyingi za siku hizi zilivyo, iombe ijaribiwe kwa antena kabla hujalipa, maana maandishi ya kwenye boksi hayasemi inakamata nini Muheza.

Kwa binamu kulikuwa na jambo jingine: umeme. Shangazi aliunganishwa na mradi wa REA, wakala wa serikali wa umeme vijijini, kwa zile shilingi 27,000 za kijijini, lakini nguzo hazikushuka bondeni. Hapa nitasema jambo ambalo mafundi wa sola wengi hawasemi kwa kuwa wanauza inveta. Ukiwa na TV ya chogo, inakula wati 70 hivi, na inveta nayo inakula chake ikigeuza umeme wa betri. Lakini kuna TV bapa za inchi 24 zinazotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, wati 25 hivi tu, na ukigeuza king'amuzi ukasoma nyuma yake utaona vingi vinaingia volti 12 pia, tuseme wati 10. Ukijumlisha ni wati 35. Ukitazama kwa muda wa saa nne kila jioni ni wati-saa 140. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina 600, na ukitaka idumu usiile zaidi ya nusu, kwa hiyo unapata jioni mbili bila jua kabisa. Paneli ya wati 80 inairudisha kwa siku moja nzuri. Hakuna inveta humo. Binamu aliuza iliki akanunua vitu hivyo kimoja kimoja kwa misimu miwili: paneli kwanza ikawasha taa na kuchaji simu, TV ikaja mwisho.

Najua zipo kampuni zinazokopesha TV ya sola ukalipa kidogo kidogo kwa siku, kama M-KOPA walivyoanza kufanya Kenya, na mwisho wa mkopo kifaa kinakuwa chako. Hilo ni tofauti na kifurushi na limewasaidia wengi. Ila siku usipolipa kinazimwa, na kwa mkulima siku za namna hiyo hufuatana. Kama unaweza kungoja mavuno, ngoja.

Watu wataniuliza kuhusu mpira. Mpira ndio unaojaza vibanda umiza. Siwadharau hata kidogo, kwa sababu wao waliifahamu hesabu ya kijijini kabla ya kampuni: unalipa mechi moja, siku una mia tano, na siku huna unasikiliza redio. Lakini kibanda umiza ni cha wanaume. Shangazi hawezi kwenda kukaa kwenye benchi saa nne usiku katikati ya vijana wanaopiga kelele, na yule msichana wa darasa la sita ndiyo kabisa. Nyumba isipokuwa na picha yake, ni wanawake na watoto wanaobaki gizani. Hiyo ndiyo sababu hasa ninayoshikilia antena ya bure nyumbani, hata ikiwa na chaneli tano tu.

Ipo pia njia ya flashi. Mjini Muheza utapata duka la kujaziwa filamu kwenye flashi au memori kadi, TV nyingi mpya na hata ving'amuzi vina tundu la kuchomeka, na familia inatazama wiki nzima bila mawimbi yoyote. Nimewajazia wajukuu masomo na vipindi vya watoto kwa namna hiyo. Filamu za wasanii wetu zilizonakiliwa bila idhini sizichukui, maana na wao wana mwezi wao wa Machi.

Mwaka jana nilipanda tena. Upepo wa kusi ulikuwa umeuzungusha mwanzi, na nilipofika yule msichana, sasa yuko sekondari, alikuwa juu ya ngazi ameushika, mdogo wake yuko dirishani. "Imekaa?" "Bado!" Nikasimama njiani nikawangoja wamalize.

Shangazi alinipigia Julai. Alisema machungwa yamekwenda vizuri, mwenye lori hakumpunja, na amelipia kifurushi cha mwezi mmoja kwa ajili ya tamthilia aliyosimuliwa na shoga yake. Nikamuuliza Agosti itakuwaje.

"Agosti narudi kwenye zangu," akasema.